Mpokezi Wangu wa Zamu

(Maneno ya mfanyakazi mwenza wa marehemu katika ibada ya kumbukumbu, Dar es Salaam, kama yalivyoandikwa baadaye kwa ombi la familia)

Mchungaji, wazee wa kanisa, Mama, watoto na wajukuu wa marehemu, majirani wa Manzese, na nyinyi wenzangu wa kiwanda cha Urafiki mliojibanza viti vya nyuma kama mnakwepa sadaka: Bwana Yesu asifiwe. Mmeitikia vizuri. Na wale wachache wa upande wangu, asalamu alaikumu.

Nimepewa dakika kumi. Aliyenipangia ni mtoto mkubwa wa marehemu, na anajua fika kwamba mimi ni Mzaramo na baba yake alikuwa Mnyamwezi. Anayempa mtani kipaza sauti halafu akamwekea saa, huyo anatafuta ugomvi.

Wajukuu, nyinyi mliozaliwa juzi mnaona utani ni mizaha ya harusini. Babu zenu walikuja pwani kwa miguu, wamejitwisha meno ya tembo, karne moja na nusu iliyopita, wakikatiza Uzaramo kuelekea Bagamoyo. Sisi tulikuwa na maji na chakula, wao walikuwa na safari. Tuligombana, tukapatana, tukaanza kutukanana kwa raha mpaka leo. Mtani ana haki zake msibani, na mimi yangu niliidai. Siku tulipomsafirisha kwenda Sikonge nilikaa chini mbele ya gari nikasema huyu Mnyamwezi haondoki mpaka nilipwe dumu la asali. Wageni kutoka kazini kwa binti yake walishtuka, wakadhani mzee wa watu amechanganyikiwa. Mama ndiye aliyecheka. Alikuwa hajacheka tangu usiku ule. Dumu niliahidiwa, ndipo nikainuka. Leo ninakumbusha mbele ya mashahidi, na Mchungaji amesikia.

Sifa zake za kanisani mmeshazisema. Mzee wa kanisa, mwanakwaya, mweka hazina asiyepoteza hata thumni. Mimi nitasema ya kiwandani, maana kule ndiko nilikomjua, na nilimjua kwa namna ya ajabu kidogo: kwa vipande vya dakika kumi kumi, miaka na miaka.

Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilifunguliwa 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kwa msaada wa Wachina. Reli ya kwenda Zambia ilikuwa bado haijaanza kujengwa. Barabara ya Morogoro, ukitoka mjini, ukifika Ubungo ulikuwa unaona shamba. Vijana tulitoka kila upande wa nchi. Mimi nilitoka Kisarawe, karibu tu, hata nauli sikuhitaji sana. Yeye alishuka kwenye treni ya Tabora na sanduku la mbao, Biblia, na asali. Baba yake alikuwa mtu wa mizinga, wa misitu ile ya miombo. Alikuwa hajawahi kuiona bahari. Tulipompeleka ufukweni Jumamosi ya kwanza alisimama, akaionja kwa kidole, akatema, akasema, "Na haya mnayaringia?"

Tuliwekwa idara ya kufumia. Mwalimu wetu Mchina Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili matatu, na "tena" ndilo alilolipenda kuliko yote. Unafunga fundo, anakuja, analivuta, linafunguka: tena. Naomba nieleze kidogo kazi yenyewe, kwa sababu humu ndani kuna watu wamevaa khanga tangu wazaliwe na hawajui zilikopitia.

Nyuzi za mtande hulala kwa urefu, maelfu, zimevutwa sambamba. Mshindio hupita kukata upana, umebebwa na kile chombo cha mbao chenye ncha za chuma kinachorushwa kushoto na kulia zaidi ya mara mia kwa dakika. Mashine moja ikipiga hivyo ni kelele. Chumba kizima kikipiga hivyo si kelele tena, ni kitu kinachokaa kifuani. Uzi mmoja wa mtande ukikatika, mashine hujizima yenyewe. Mfumaji anakimbia, anainama, anatafuta ncha mbili nyembamba kama unywele, anafunga fundo dogo litakalopita kwenye tundu bila kukwama, anawasha. Akigeuka, nyingine imesimama. Hana mashine moja, ana kundi zima, na anazungukia hizo mpaka zamu iishe. Fundo likiwa nene, kitambaa kinakuja na doa. Ukichelewa, unapoteza kitambaa. Mwisho wa siku miguu inajua.

Mnyamwezi na mimi tulipangiwa kundi moja la mashine, ila zamu tofauti. Yeye anatoka, mimi naingia. Wiki nyingine mimi natoka, yeye anaingia. Kwa hiyo hatukufanya kazi pamoja, tulipokezana. Na mimi nitawaambia jambo ambalo wafumaji wenzangu kule nyuma watalithibitisha: tabia ya mtu hutaijua akiwa kazini, maana kazini msimamizi anamwangalia. Utaijua kwenye mashine anazokuachia.

Kuna mtu anakuachia nyuzi zimekatika mbili tatu, mashine zimezima, yeye ameshanawa mikono na kusimama mlangoni. Kuna anayekuachia vumbi la pamba limejaa chini kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Mnyamwezi alikuachia mashine zote zinakwenda. Zote! Amefagia, amepanga nyuzi za mshindio mahali ambapo mkono wako utazikuta bila kutafuta. Kisha kuna ile alama. Desturi ni kwamba anayeingia huweka alama kwenye kitambaa, ili kosa la aliyetangulia lisije likahesabiwa kwake. Kwa mashine zetu alama aliiweka yeye anayetoka. Na kama lilikuwepo kosa lake nyuma ya alama, alilionyesha kwa kidole kabla hajaondoka: hili langu. Akishaondoka, mkaguzi alikuwa hana la kuuliza.

Tulizungumza kwa mikono na midomo. Nasikia wafumaji wa kule Lancashire, Uingereza, nao walikuwa hivyohivyo, wanasomana midomo, maana kazi hii inakula masikio popote ilipo. Basi miezi ya mwanzo kila nikiingia namkuta mtu huyu midomo inamcheza, peke yake, hamtazami mtu. Nikasema moyoni, huyu Mnyamwezi ananiroga. Watu wa bara wana dawa. Siku moja nikasogea nikaweka sikio karibu kabisa na kinywa chake. Anaimba! Anaimba wimbo wa kanisani, kwa sauti kamili, sauti ya pili, na hakuna binadamu anayemsikia, hata yeye mwenyewe. Nikamuuliza kwa ishara, unamwimbia nani? Akanyoosha kidole juu. Pale juu palikuwa na bomba la hewa, nami kwa miaka nilimtania kwamba anaabudu bomba.

Sasa habari ya Jumapili.

Kiwanda kile kiliendeshwa usiku na mchana. Zamu haziangalii msikiti wala kanisa. Zamu yake ya asubuhi ikiangukia Jumapili, ibada imempita. Yangu ya asubuhi ikiangukia Ijumaa, swala imenipita. Alinijia siku moja saa ya kupokezana, ameandika kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu habari ilikuwa ndefu kuliko midomo. Aliandika: "Mzaramo, nipe Jumapili zako, nikupe Ijumaa zangu." Msimamizi tulimwendea wote wawili. Alikuna kichwa, akasema mradi mashine zisisimame, yeye hana neno.

Hazikusimama. Jumapili za asubuhi nilisimama mimi mahali pake, naye akachukua zamu yangu ya mchana ametoka kanisani, shati bado lina mkunjo wa pasi. Ijumaa alisimama yeye. Ramadhani, usiku wa 27, alinifanyia zamu nzima ya usiku nikakeshe msikitini. Nami usiku wa kuamkia Pasaka nilimfanyia yeye, kwa sababu nyinyi Wamoravian mna ibada yenu ya alfajiri makaburini, jua likichomoza, na alisema kwamba hiyo hawezi kuikosa akiwa na miguu. Asubuhi ile alikuja moja kwa moja kutoka makaburini, viatu vina udongo, na maandazi ya Mama yamefungwa kwenye gazeti. "Kafufuka," akaniambia kwa midomo. Nikamjibu, "Mimi nimekufa, nipishe nikalale."

Kuna ndugu zangu walioniuliza: wewe Mwislamu unamfanyia zamu mtu aende kanisani, vipi? Kuna na wa kwake waliomuuliza vivyo hivyo. Sijui yeye aliwajibu nini. Mimi niliwaambia waende wakaulize mashine.

Jambo alilopenda kusimulia kuliko yote ni asili ya kanisa lake. Alianza na mhubiri Yan Hus aliyechomwa moto 1415, akaja wafuasi wake waliojikusanya 1457 kule Bohemia, Ulaya, kisha akashuka polepole, miaka mia nne na zaidi, mpaka wamisionari wa Moravian walipofika Urambo 1898. Hakuruka mahali. Mwaka 1457 mimi naujua vizuri kuliko mwaka niliozaliwa mwenyewe, ambao mama yangu aliukisia tu kwa mvua. Yule Mwanakondoo mwenye bendera aliyechorwa hapo ukutani alinieleza maana yake chini ya mwembe pale nje ya geti, tukila mihogo, na nikimkatiza anaanza upya kutoka 1415.

Niseme ya nyumbani machache, Mama aniruhusu.

Siku ya mshahara barabara ya kutoka getini ilikuwa na vishawishi vyake, wenye umri wangu mnajua. Mnyamwezi alipita katikati yake amenyooka, bahasha kwenye mfuko wa shati, haijafunguliwa. Haijafunguliwa kabisa. Anaifikisha kwa Mama, Mama anafungua, Mama anahesabu, Mama anampa nauli. Tulimcheka! Tulisema kalishwa limbwata. Ikawa akirudi usiku kutoka zamuni anakuta ndoo tupu, anajitwisha ndoo kichwani, mwanamume mzima, anakwenda bombani saa ambayo maji yalitoka. Majirani wakasema limbwata hilo si la kawaida, limetoka Bagamoyo. Nilimfikishia maneno hayo. Akanitazama, akasema, "Mzaramo, bahasha yangu inafunguliwa na mtu mmoja ninayemjua. Yako inafunguliwa na watu saba kabla haijafika Kisarawe." Nilinyamaza, maana idadi alikuwa ameipunguza.

Watoto sita. Wote walisoma kadiri vichwa vyao vilivyowabeba, na kuna wawili hapa vichwa vyao vilikuwa vizito kidogo, nao wanajijua, wananitazama sasa hivi. Hakuwapiga kwa kushindwa mtihani. Aliwakalisha na kijitabu chake cha neno la kila siku, wakisoma kwa zamu, jioni baada ya chakula. Akiwa na wiki ya usiku, sala ilihamishwa saa kumi alasiri kabla hajaondoka. Nilifika kwake saa hiyo siku moja nina shida yangu ya haraka. Hakusimama. Alinionyesha mkeka, nikakaa. Mtoto mdogo alisoma mstari mmoja, akalala palepale, kichwa juu ya kitabu. Mwenzake akataka kumwamsha, baba akamzuia, akauendeleza mstari yeye mwenyewe kwa kichwa, bila kukivuta kitabu. Kisha akaomba. Akaombea wagonjwa, akaombea Rais, akaombea mvua ya Unyamwezi, akaombea "na Mzaramo huyu, Bwana, na zile mashine." Shida yangu ilikuwa ya fedha. Alinikopesha, yaani alimwambia Mama anikopeshe.

Sitaki mdhani namchora malaika. Mnyamwezi alikuwa mkaidi. Mtoto wake wa pili alipoingia bendi ya muziki wa dansi, mzee alikataa hata kuitaja bendi hiyo nyumbani. Miaka. Mama alihangaika, mimi nilihangaika, Mchungaji wa wakati ule alihangaika. Mtu aliyeweza kufunga fundo lisiloonekana alishindwa kuunganisha hapo. Kilichomlegeza sikijui. Ninachojua ni kwamba Jumamosi moja alinipitia, amevaa suti ya kanisani, akasema twende. Tukaenda. Alisimama karibu na mlango, amekunja mikono, hakuketi, hakunywa hata soda. Ikapigwa nyimbo kadhaa, akageuka tukatoka. Njiani nikangoja. Tumefika Manzese ndipo akasema, "Lile gitaa la pili limekazwa sana." Kesho yake, baada ya ibada, alimwambia kijana maneno hayohayo, na kijana akalilegeza. Mchezo ukaishia hapo. Hayo ndiyo mapatano yao, mimi ni shahidi.

Mnaikumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera? Sabuni hakuna, sukari hakuna, doti moja ya khanga unaiona kwa macho tu. Ndugu zake wa Sikonge waliandika barua: wewe unafuma nguo, sisi tunavaa viraka, una moyo gani? Walidhani mtu anayefuma kitambaa anakata kipande jioni na kukunja kwapani. Mama mkwe wake ndiye aliyekuwa mkali zaidi, kwa sababu harusi ilikuwa inakaribia na alitaka khanga. Basi Mnyamwezi akatoka zamu ya usiku, hajalala, akaenda kupanga foleni ya duka la ushirika, akapanga siku hiyo, akapanga na kesho yake, mpaka akanunua doti moja kwa fedha yake. Tuliipindua pindo tukaitazama upande wa ndani. Akaipapasa, akanionyesha kwa kidole mahali uzi wa mshindio ulipokuwa mnene kidogo. "Hii imepita kwetu," akasema. Ilikuwa na doa dogo, na akakisia ni la zamu yangu. Nilikana. Hadi leo nakana.

Kiwanda kilipoingia ubia na Wachina 1997, sisi wazee tulianza kuhesabu siku. Mitumba ilikuwa imejaa masokoni, viwanda vingine vya nguo nchini vilikuwa vimefunga milango. Alistaafu, akaongeza muda kanisani, akafuga nyuki kwenye kiwanja cha watu kule Kibaha, wakamuuma, akawasamehe. Masikio yalikuwa yamekwisha. Wajukuu mliuliza kwa nini babu alikuwa akiomba kwa kupaza sauti mpaka nyumba ya tatu wanasema amina. Hiyo ndiyo sababu. Na ndiyo sababu alikaa benchi la mbele kabisa: hakumsikia mhubiri, alimsoma midomo. Mchungaji, samahani, lakini siku ulizohubiri umeinamia karatasi, mzee alirudi nyumbani bila mahubiri. Aliniambia mwenyewe.

Wenzangu wa kiwandani wamenituma niseme jambo moja la mwisho, na ni la shughuli. Tumechangishana. Si kingi, mnajua pensheni zetu. Mama ataletewa baada ya ibada, ndani ya bahasha, na haijafunguliwa.

Dakika zangu zimekwisha, mtoto mkubwa ananionyesha saa. Kwaya naona wamesimama, na nimeambiwa wataimba ule wimbo aliokuwa akiuimba mashineni. Maneno yake siyajui, kwa sababu sikuwahi kuyasikia. Ila jinsi midomo inavyokwenda naikumbuka yote, kwa hiyo anzeni tu, mimi nitawafuata.